Harusi ya Rangi ya Tope

— Ngano inabisha hodi!
— Ifungulieni!
— Imekuja na nini?
— Na ulimi wake!

Basi, palikuwa na mchezo wa kwenye simu, wanyama wote wanaucheza. Mwenye mchezo ni Kiboko. Anayepanga rangi za mavazi ni Kindi: hii ya kanzu, hii ya mshono, hii ya kilemba. Mchezaji anafungua sanduku lake la rangi, anagusa, pwa! nguo imegeuka.

Siku moja Digidigi, shoga yake Kindi, akatangaza harusi yake humo mchezoni. Sare akachagua zambarau. Kiboko kusikia hivyo, huyoo kwa Kindi, hrrm, hrrm.

"Zambarau ni yangu!"

"Bwana mkubwa, hiyo ni sare ya watu."

"Yangu! Nyekundu?"

"Ipo."

"Yangu! Kijani?"

"Ipo."

"Yangu! Na dhahabu, na buluu, zote zangu!"

Kindi moyo ukamchemka. Jitu zima, tumbo kama pipa, linamnyang'anya bibi harusi rangi! Hata haya halina! Akameza hasira, akauliza kwa upole, "Na ya tope je?"

"Tope? Mimi nivae tope? Waachie wao! Itoe kwenye sanduku langu, nisiione tena."

"Nikishafunga, hakuna kubadili mpaka mwezi uishe."

"Funga!"

Kindi akabonyeza. Kacha! Rangi zote kwa Kiboko, kwa wengine tope tupu.

Digidigi akaangua kilio. "Shoga, nitaolewa kwa rangi gani?"

"Ya tope. Tangaza sare ni tope, tuje wote."

Sasa sikilizeni. Mlango wa ukumbi wa mchezo ule humpitisha aliyevaa sare tu. Sheria hiyo aliiweka Kiboko mwenyewe, eti wanyonge wabaki nje! Na pilau ya harusi ndiyo inayompa mchezaji uhai. Asiyekula, anaanguka.

Siku ikafika. Swala na tope lake, pita. Nungunungu na tope lake, pita. Kobe na tope lake, pita. Vigelegele, lililili! Akaja Kiboko, zambarau juu, nyekundu chini, dhahabu mpaka masikioni.

Nti! Mlango umegoma.

"Ukumbi wangu!" Nti! "Mlango wangu!" Nti!

Akampigia Kindi simu. "Nipe tope, upesi! Nakufa njaa huku nje!"

"Bwana mkubwa, si ulisema nifunge?"

Ndani pilau inaliwa. Nje, mavazi yale yote yakaanguka, puu! na mwenyewe ndani yake. Na huko mtoni, Kiboko wa kweli, simu mkononi, amezama kwenye tope mpaka shingoni.

Ngano nimeitua hapa, anayeitaka aibebe. Na funzo lake, wanangu: mkubwa akisema vyote ni vyake, msimbishie. Mwitikieni "ndiyo, bwana mkubwa," halafu mfungieni vizuri.