Binti wa Bi Ndovu Ashika Mkia

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa nyuma mnanisikia?

Tunakusikia!

Basi wa mbele wanyamaze, maana ngano hii ni ya wa nyuma.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakienda shule, palikuwa na shule moja bondeni, na mwalimu wake alikuwa Korongo. Huyu Mwalimu Korongo alikuwa na shingo ndefu, miguu mirefu na subira fupi. Chiriku akiulizwa herufi, alijibu kabla swali halijaisha. Kobe akiulizwa Jumatatu, alijibu Jumatano. Korongo akasema yeye hawezi kufundisha Jumatatu na Jumatano kwa wakati mmoja.

Akatoa mtihani, akasahihisha, akawapanga wanafunzi makundi matatu. Kundi la Kichwa akaliweka mbele, karibu na ubao. Kundi la Kiuno akaliweka katikati. Kundi la Mkia akalitoa uani, akaliambia lifagie majani na lingoje zamu yake.

Leo zamu haikufika. Kesho haikufika. Kesho kutwa haikufika. Na Korongo alikuwa amekwisha kutangaza: mvua zikianza, atakayekuwa bado kwenye Mkia atarudi kwao moja kwa moja.

Uani walikaa watatu: Kobe, Kinyonga na Kidovu, binti wa Bi Ndovu. Kidovu herufi zilimchanganya, lakini alizipenda. Kila siku alichora A mchangani kwa mkonga wake, akaitazama, akaifuta, akaanza upya. Hakuwepo wa kumwambia kama amepatia.

Korongo akamtuma Kunguru apeleke habari nyumbani. Kunguru akatua mbele ya Bi Ndovu akasema, "Mwalimu anakusalimu. Mwanao ameshika mkia."

Ninyi mnacheka, kwa sababu mnajua maana yake shuleni. Lakini ninyi si ndovu. Kwa ndovu, mtoto hutazamwa kwanza kama ataweza kuushika mkia wa mama yake kwa mkonga, asiuachie safari nzima. Akiweza, ukoo wote hukusanyika na kumwangushia mgunga mzima ale majani mpaka achoke.

Bi Ndovu akalia kwa furaha. Akaoga tope jekundu, akawaita dada zake sita, akang'oa mgunga mmoja mnono wa kumpelekea mwalimu. Kidovu alitaka kumweleza. Alipouona uso wa mama yake unavyong'aa, akaacha, akafuata nyuma akilia kimyakimya.

Wakaenda, wakaenda, wakakutana na Punda Milia. Akauliza kuna nini. "Mwanangu ameshika mkia!" Punda Milia akakohoa, akatazama pembeni.

Wakaenda, wakaenda, wakakutana na Ngiri. Akauliza kuna nini. "Mwanangu ameshika mkia!" Ngiri akaingiza kichwa shimoni acheke huko.

Wakaenda, wakaenda, wakafika shuleni, wakamkuta Mama Chiriku juu ya tawi la mlangoni. Akauliza kuna nini. "Mwanangu ameshika mkia!" Mama Chiriku, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akacheka mpaka akaanguka tawini, kisha akamweleza yote: kwamba kushika mkia ni kuwa wa mwisho, na wa mwisho hufagia uani.

Bi Ndovu akautua mgunga chini. Akageuka, akamwona binti yake ameinamisha kichwa, na hapo akaelewa yale machozi ya njiani. Uchungu ulimshika. Lakini aibu, wasikilizaji wangu, haikumshika hata kidogo. Akaingia darasani kwa hatua za taratibu, na ubao ukatikisika.

"Mwalimu," akasema, "umesema mwanangu ameshika mkia. Ni mkia wa nani?"

Korongo akajibu kwamba hayo ni maneno tu.

"Kwetu si maneno tu. Kwetu mtoto akishika mkia, mwenye mkia ndiye anayepunguza mwendo. Hutazama nyuma kila hatua. Sasa hawa watatu uliowaweka uani wameshika mkia wa nani, Mwalimu? Nani anatembea mbele yao?"

Kichwa wakatazama chini, Kiuno wakatazama chini. Korongo akageuza ile shingo yake ndefu, akatazama nyuma yake kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Akawaona Kobe na Kinyonga wamesimama dirishani na mafagio yao.

Akatoka uani. Akasimama juu ya ile A ya mchangani, akaitazama sana, halafu akamwambia Kidovu, "Hii umepatia, binti yangu. Nisamehe sikuja mapema."

Tangu siku ile kila asubuhi alianza na hao watatu, yeye mwenyewe, mguu pande, bila haraka. Baada ya hapo wote waliingia darasani na kusoma pamoja na wenzao, na lile tangazo la kuwarudisha kwao akalifuta.

Mvua zikaanza, mtihani ukaja. Mnadhani Kidovu akawa wa kwanza? Hakuwa. Wa kwanza alikuwa Chiriku, kama kawaida yake. Kidovu alikuwa wa tisa kati ya kumi na wawili. Lakini aliitwa mbele asome ukurasa mzima, na akausoma. Aliusoma neno kwa neno, akakwama, akarudi, akakwamuka, na hakuna aliyemkatiza mpaka nukta ya mwisho.

Bi Ndovu na dada zake sita wakapiga vigelegele, majani yakapukutika. Mama Chiriku akauliza kwa sauti, jamani, vigelegele vyote hivi ni vya mtu wa tisa?

"Mimi sijui kuhesabu," akasema Bi Ndovu. "Mimi nimemsikia mwanangu akisoma."

Basi wapangeni watoto mpendavyo, ilimradi mwalimu afike kila walipo.

Ngano yangu naikunja, mwenye mkeka aukunje. Na msinitazame hivyo: mimi nilishika mkia miaka mitatu mfululizo, na usiku huu hakuna hata mmoja wenu aliyesinzia.