Mipira Iliyolala Upande wa Kulia

Wapendwa, leo twende mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kukanyaga. Twende kwenye kiwanja cha gofu. Najua mnacheka, lakini hata kule kuna watu wanaorudi nyumbani na machozi, na hata kule kuna watu wanaoinuliwa.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Nderingo, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha sukari. Kando ya mashamba ya miwa palikuwa na kiwanja chenye mashimo tisa, na mzee huyu alicheza pale tangu enzi ambazo mkono wake ulifungua nati iliyoshika kutu bila kuomba msaada. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Una mpira mdogo, una fimbo, na kule mbali kuna shimo lenye bendera. Anayeuingiza mpira shimoni kwa mapigo machache ndiye mshindi. Nderingo alikuwa akiupiga mpira unapaa juu ya miwa kama unaitwa, unashuka karibu na bendera, unauma ardhi na kusimama papo hapo. Alishinda Kombe la klabu mara sita.

Lakini lazima niwaeleze kuhusu mipira, maana hapo ndipo habari ilipo. Mipira ya gofu kwa macho yote ni sawa, myeupe, mviringo, ya kuenea kiganjani. Kumbe haifanani. Upo uliotengenezwa kwa mtu anayepiga kwa kasi kubwa. Huo unazunguka sana ukiwa hewani, na mzunguko huo ndio unaoufanya usimame haraka unapotua. Ni mpira mtiifu mno. Ukiupiga vizuri unakutii, na ukiupiga vibaya unakutii vilevile: kosa dogo la mkono unalifanya kosa kubwa la safari. Nderingo alikuwa akitumia mpira wa namna hiyo maisha yake yote, na mkono wake uliuweza.

Mwaka aliotimiza miaka sitini na mitatu akapata kiharusi. Asubuhi alikuwa anafunga kamba za viatu, akashangaa vidole vya mkono wa kushoto haviji anapoviita. Alilala hospitali majuma matatu. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, ila mkono ule ulirudi nusu. Ungeweza kushika kikombe, lakini si kilichojaa.

Baada ya miezi minane daktari alimruhusu kutembea na kucheza kidogo. Mkewe, Eliapenda, ambaye miaka yote hakuwahi kusogelea kiwanja kile, alikataa aende peke yake. Akawa anamsukumia kile kigari cha kubebea fimbo, huku amejifunga kitenge na kuvaa raba. Naye Nderingo akaanza kupiga mipira yake ileile ya zamani. Ilipaa, ikafika katikati ya njia, ikageuka kulia kama iliyosahau kitu nyumbani, ikaangukia kwenye mfereji wa kumwagilia miwa. Mmoja baada ya mwingine.

Watu wa klabu waliona. Siku moja mwenyekiti alimketisha barazani, akamwagizia chai, akamwambia kwa upole kwamba kamati ilikuwa imefikiria mwaka huu, kwenye Kombe la Wazee, yeye Nderingo awe mgeni rasmi, akae meza kuu, amkabidhi mshindi kombe. Nderingo alielewa mara moja. Walikuwa wanampa kiti ili aondoke uwanjani. Ndugu zangu, hamjawahi kupewa kiti cha namna hiyo? Mtu anakuheshimu kwa maneno mazuri sana, na ukiyatafuna maneno hayo unakuta ndani yake umeshaandikwa kuwa umekwisha.

Akamshukuru mwenyekiti, akamwambia angependa kucheza. Mwenyekiti akakubali, kwa kuwa sheria za klabu zilimruhusu kila mzee aliyevuka sitini. Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya Kombe.

Shida ilikuwa kwamba mipira imemwishia. Eliapenda akamkumbusha kuwa yupo mama mmoja, Aikande, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia mferejini na vichakani na buti zake za mpira, kuokota mipira iliyopotea, kuiosha na kuiuza hapo kwenye uzio. Wakaenda. Aikande aliwaamkia, akawawekea kigoda, akasikiliza mzee anataka nini. Nderingo alitaka dazeni ya mipira yake ileile. Mama yule alikuwa nayo, ndoo nzima, lakini hakuigusa.

"Baba, hii nisikuuzie," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kesho nitaiokota tena. Mipira yako yote siku hizi naikuta upande wa kulia wa mfereji, na hakuna hata mmoja unaovuka yale mabomba ya kupeleka maji mashambani. Zamani mpira wako sikuwahi kuuona humu. Mimi kupiga sijui, baba. Lakini najua mipira ya kila mtu inalala wapi."

Nderingo alihisi uso unamchemka. Akamweleza kwamba mpira huo ndio aliochukulia makombe sita. Aikande aliendelea kuisugua mipira kwenye beseni, kisha akasema neno ambalo mzee yule hakulisahau:

"Makombe uliyachukua na ule mkono. Huu mkono wa sasa bado hujauchagulia mpira wake."

Mnadhani alisema asante? Sisi tungesema asante? Alichukua mipira mitatu ya zamani kwa ubishi, akaenda zake, na jioni hiyohiyo, kabla hajamaliza shimo la pili, yote mitatu ilikuwa imerudi mferejini.  Njiani kurudi nyumbani Eliapenda alisukuma tu kigari. Walipofika getini, mzee akasimama na kumwambia mkewe kwamba kesho wangerudi kwa yule mama.

Kesho yake Aikande alimpa mipira kumi ya aina mbalimbali, akamwambia apige yote kutoka mahali pamoja, bila kukaza, kwa mkono alionao. Mwenyewe akashuka chini uwanjani, na kila mpira ulipoanguka alichomeka kijiti. Nderingo alipomaliza akashuka kuangalia. Mipira ya namna aliyoipenda ilikuwa imetawanyika kulia kama kuku waliofukuzwa. Lakini mitatu ya namna nyingine ilikuwa imelala karibu karibu, katikati kabisa ya njia. Haikuwa imeenda mbali. Ilikuwa imenyooka.

Aliinama akaokota mmojawapo. Ulikuwa ule mpira laini wa ndani, mgumu wa ganda, usiozunguka sana, ambao klabuni hununuliwa na wanaoanza kujifunza. Aliyekuwa bingwa mara sita ashike mpira wa wanafunzi? Aibu ilimpanda, tena mbele ya mkewe. Kisha akavitazama vile vijiti vitatu kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kamba za viatu, akaona kitu ambacho mwili wake ulikuwa umekifanya sawasawa.

Msidhani mambo yalikuwa mepesi kuanzia hapo. Mpira usiozunguka sana una tabia yake: ukitua haukai, unakimbia. Siku za mwanzo alilenga bendera kama zamani, mpira ukatua vizuri na kupitiliza hadi kichakani. Ilimbidi ajifunze upya, aangushe mpira mbele sana, hatua ishirini kabla ya bendera, auache utembee wenyewe. Wiki tano alifanya hivyo kila asubuhi, na Eliapenda akisimama pale penye hatua ishirini, akinyoosha kidole chini: hapa, Baba Anaeli, hapa.

Siku ya Kombe la Wazee ikafika. Walikuja wazee kumi na sita, wawili wawili, anayeshindwa anatoka. Nderingo alipoweka mpira wake juu ya kijiti cha kuanzia, mtu mmoja barazani aliutambua, akamnong'oneza mwenzake, wakacheka kwa adabu. Mzee akapiga. Mpira ukaenda karibu, ukanyooka. Wenzake walipiga mbali, mara katikati, mara vichakani. Yeye karibu na kunyooka, karibu na kunyooka, shimo baada ya shimo. Akamtoa wa kwanza. Akamtoa wa pili. Alasiri akamtoa wa tatu, na barazani hakukuwa na aliyecheka tena. Watu walikuwa wameshuka na kuanza kumfuata.

Fainali akakutana na mzee Kisanga, ofisa forodha mstaafu, mtu wa mabega, anayepiga mpira ukasikika. Walifika shimo la tisa wakiwa sawasawa. Na shimo la tisa, ndugu zangu, mfereji unakatiza mbele yake kabla ya kufika kwenye bendera.

Kisanga alipiga la kwanza, mbali. La pili likavuka mfereji na kutua kwenye majani mafupi, ingawa mbali kidogo na shimo. Watu wakapiga makofi. Nderingo la kwanza lake lilikuwa fupi, kama kawaida. Sasa akasimama na kuutazama mfereji. Miaka yote alikuwa akiuvuka kutoka hapo bila kufikiri. Watu wote walikuwa wanatazama. Fimbo ndefu alikuwa ameshaigusa.

"Utavuka?" Eliapenda aliuliza.

"Yule wa zamani angevuka," alijibu, akarudisha fimbo ndefu na kutoa fupi.

Akaupiga mpira hadi ukingoni mwa mfereji, akauacha hapo. Umati ukaguna. Wengi walijua imekwisha. Yeye akatembea taratibu mpaka pale ulipo, akachagua mahali pa kuuangushia, akapiga la tatu. Mpira ukainuka kidogo tu, ukavuka maji, ukatua ng'ambo, ukaanza kutembea. Ukatembea. Ukapita penye kivuli cha mtu, ukapanda kijimwinuko, ukashuka, ukasimama shibiri moja kutoka shimoni.

Kisanga alikuwa na nafasi mbili: ya kwanza ya kushinda, ya pili ya kutoka sare. Alisukuma la kwanza likapita shimo. Alisukuma la pili likapita ukingoni bila kuingia. Nderingo akausogelea mpira wake, akauingiza kwa mkono usioweza kushika kikombe kilichojaa.

Kelele za siku ile zilisikika hadi kiwandani. Mwenyekiti alimkumbatia kabla hajamkabidhi kombe. Kisanga mwenyewe alimshika mkono, ule wa kushoto, akauinua juu ili watu wauone. Na Nderingo akacheka, kicheko ambacho mkewe alikuwa hajakisikia tangu hospitali. Kule kwenye uzio mama mmoja alisimama ndani ya buti zake akipiga makofi mpaka mikono ikamwuma.

Mngependa niishie hapo. Ni pazuri kuishia. Lakini sikilizeni kilichotokea Jumatatu.

Jumatatu asubuhi Aikande alikuta foleni kwenye uzio. Wenye mabega, wenye kasi, vijana wenye mikono miwili mizima, na mzee Kisanga akiwa wa kwanza. Wote walitaka kitu kimoja: mpira wa Nderingo. Mama yule aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akawaambia:

"Nyinyi hamkuona alichofanya yule baba. Nendeni mkapige kwanza, mnionyeshe ya kwenu inalala wapi."

Wapendwa, tangu nianze kusimulia, kila mmoja wetu amejiweka mahali pa Nderingo. Tujiangalie vizuri. Sisi ndio ile foleni. Dada anatoa ushuhuda kwamba anaamka alfajiri na kuomba kwa muda wa saa tatu, nasi tunakimbilia saa tatu zake, wakati wewe una kichanga ambaye hajakuacha ulale. Mungu alikuomba saa tatu, au alikuomba umwimbie wimbo mmoja huku unanyonyesha? Jirani amepewa kusema mbele ya watu, nasi tunataka ulimi wake, wakati wewe umepewa kukaa na mgonjwa bila kusema neno. Na wengine hatumwigi hata jirani. Tunajiiga wenyewe wa miaka ishirini iliyopita, na kila siku tunaipoteza mipira yetu upande uleule, tunaulaumu upepo.

Muulize anayeokota vilivyokupotea: mke wako, mume wako, mtoto wako. Wanajua mipira yako inalala wapi. Usiwakasirikie wakikuambia.

Na wewe uliyekuja leo na mkono nusu, uliyefiwa, uliyestaafishwa, uliyetoka wodini wiki hii: Bwana hakuketishi kwenye meza kuu akupungie mkono wa kwaheri. Anakuita uwanjani. Piga na huo ulio nao. Na sisi wengine, tukiuona mpira wako umetua karibu lakini umenyooka, tusigune. Tusimame, tupige makofi.

Haya, kanisa. Simameni.