Kwa Nini Chujio Hutanguliza Nyota

Jambo la mwisho la kawaida, kabla mambo hayajageuka, lilikuwa foleni ya asubuhi mezani kwa Lugendo. Enzi hizo, katika nyumba ya kumbukumbu za mvua, hakuna aliyejitafutia faili mwenyewe kwenye kompyuta. Lugendo ndiye aliyeiunda amri iitwayo chujio, na chujio lilielewa kanuni zake tu: mabano, nukta, vistari vilivyosimama. Watu walimweleza wanachotaka, akawaandikia, nao wakanakili alama kwa alama bila kujua maana yake.

Siku hiyo Sechelela, mtaalamu mgeni, alilifundisha chujio nyota, alama moja inayosimama mahali pa chochote. Kufika adhuhuri foleni ilikuwa imehamia kwake, tena ilikuwa inacheka. Kwa Lugendo haikuwahi kucheka.

“Nyota ni ya wavivu,” alisema Lugendo. “Inazoa mpaka takataka. Kesho naiondoa.”

“Mzee wangu,” Sechelela akamuuliza, “unataka watu wapate mafaili, au unataka foleni?”

Lugendo akaitazama kwa wivu ile foleni inayocheka. Hapo ndipo Mama Nzowa wa takwimu, aliyekuwa ametoka kuijaribu nyota, alipopiga ukelele.

“Jamani! Kumbe Ilolo wanapima mvua? Na Chimbwe pia! Miaka mitatu najua hawana hata kopo la kupimia.”

Lugendo akamwomba kikaratasi chake cha zamani. Katika kunakili, Mama Nzowa alikuwa ameruka kistari kimoja, chenye maana ya “au”, kati ya majina mawili, na chujio likawa linatafuta kituo kiitwacho Ilolochimbwe, ambacho hakipo duniani.

“Mbona hukuniuliza?”

“Ningeuliza nini, baba, na humo sielewi hata alama moja?”

Miaka yote hiyo Lugendo alikuwa amefurahi kwamba Mama Nzowa haelewi.

Kesho yake asubuhi aliwahi kuliko wote. Hakuiondoa nyota, bali aliitanguliza. Kanuni zake ndefu akazifungia nyuma ya herufi moja. Sechelela alipofika akauliza kwa nini isiwe K, ya kanuni. Lugendo akaendelea kunywa chai yake.

Na tangu siku hiyo chujio huipokea nyota bila masharti, lakini anayetaka mabano na vistari sharti kwanza aandike L.