Firigisi Moja, Wageni Watatu

Haya, sogeeni. Na wewe unayesinzia, amka! Leo mtaniamulia kesi.

Mmbone wa Kakamega alikuwa mpishi wa chapati laini, na alijaliwa watu watatu. Bosi wake, Mzee Lihanda, akisema neno mji mzima unaamini. Khasoa, mpishi mwenzake, hakuna anayemshinda kurauka. Naye Shitanda, wakala wa kutafutia watu kazi, ana mdomo wa kumlainisha yeyote.

Enzi za korona hoteli ya Lihanda ilikosa wageni, lakini mfuko wa msaada ukachangia mishahara, watu wakabaki kazini. Shitanda akashinda ofisini akipiga miayo. Msaada ulipokoma, loo! Lihanda akawaachisha kazi Mmbone na Khasoa huku machozi yakimtoka, na foleni ya Shitanda ikafika barabarani. Mmbone alikuwa na watoto watatu na mwenye nyumba asiyejua huruma.

Khasoa alirauka akawa wa kwanza kwenye foleni. Akamwona Mmbone kule nyuma, mtoto mgongoni analia.

"Dada, njoo ukae hapa. Mimi nitashika nafasi yako."

"Na wewe je?"

"Njoo bwana, kabla sijabadili nia!"

Siku hiyo Shitanda alikuwa na nafasi moja tu ya mpishi, katika chuo cha wauguzi, nao walitaka mwenye cheti. Mmbone hana. Shitanda akapiga simu, akabembeleza, akatania. "Onjeni kwanza, kukataa mtakataa baadaye!" Wakakubali.

Chapati zikapendwa, ila msimamizi akasita. "Mtu aliyeachishwa kazi hakosi kasoro."

Lihanda aliposikia, alipanda bodaboda mwenyewe hadi chuoni. "Kasoro ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeishiwa. Ningekuwa na uwezo, msingempata huyu."

Mmbone akaajiriwa palepale, akapiga vigelegele getini bila aibu.

Jumapili akawachinjia jogoo. Kwao firigisi haikatwi. Hupewa mgeni mmoja, na kupewa ni kuambiwa mbele ya watu: wewe ndiye uliyeniokoa.

"Neno langu ndilo lililokupa kazi," Lihanda akatangulia.

"Baada ya kumwachisha!" Shitanda akacheka. "Bila simu yangu angefikaje huko?"

"Si ndiyo kazi yako? Unalipwa!"

Khasoa aliendelea kula ugali wake. Kesho alikuwa anarudi kwenye foleni.

Mmbone alimtazama, moyo ukamuuma. Firigisi iko kwenye kijiko, sahani tatu zinangoja. Je, ungekuwa wewe, ungeiweka kwenye sahani ya nani?