Mguu Kwenye Breki

Wapendwa, huko milimani palikuwa na mwanamume mmoja, mkulima wa kahawa, aliyekuwa na furaha yake ndogo. Kila Jumamosi mchana, akishapalilia na kuoga, alikwenda nyuma ya nyumba kutengeneza gari la marehemu baba yake.

Lilikuwa Pijo la zamani, la siku zile ambazo gari likipita kijijini watoto wanalikimbiza mpaka konani. Baba alipofariki liliachwa uani. Kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma, magugu yakaota hadi kwenye boneti. Mwanamume huyu hakuwa fundi. Alijifunza kwa kuuliza na kwa kukosea. Jumamosi moja alisugua kutu kwenye mlango mmoja tu, akaridhika. Nyingine alisafisha taa, kisha akakaa juu ya ndoo akiitazama inavyong'aa mpaka chai yake ikapoa. Mkewe hakumkaripia, alimletea chai nyingine. Hamjui nyumba yenye amani inavyosikika? Msasa unakwaruza, kuku wanalalamika kuhamishwa kwao, mtoto anacheka tu.

Lakini ng'ambo ya ua uleule aliishi mdogo wake, na hawakuwa wakisemeshana. Baada ya matanga mdogo mtu alikuwa amesema, "Kaka, hili bati tuwauzie wa chuma chakavu. Kila tukiliona tunaumia." Kaka akamjibu mbele ya watu, "Wewe hukumpenda baba."

Basi. Tangu siku hiyo walikuwa wakitumiana watoto. "Kamwambie baba yako mdogo ng'ombe wake amekata kamba." "Kamwambie baba yako mkubwa nimeshamwona." Na wote wawili wamesimama pale pale, wanaonana!

Siku injini ilipowaka, yule mkulima alikimbia kwa mama yake, mikono imejaa grisi.

"Mama! Jumapili nakupeleka kanisani kwa gari la baba!"

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. "Na mdogo wako anakaa wapi humo?"

"Mama, yule naye..."

"Mimi nimezaa wawili. Gari la mtoto mmoja sipandi. Nitatembea."

Akarudi kwenye gari lake amenyong'onyea. Na huko nako breki zilikuwa hazishiki. Akikanyaga pedeli inazama mpaka chini, laini kama anakanyaga mto wa kulalia. Na njia ya kanisani kwao ni mteremko mtupu. Fundi wa kijijini alikuwa amemweleza: upepo umeingia kwenye mabomba, na kuutoa si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anakaa juu, anakanyaga na kushikilia. Mwingine yuko chini na spana, anafungua nati, upepo unatoka na mafuta, anaifunga. Wa juu asiachie mpaka aambiwe. Akiachia mapema, upepo unaingia tena, mnaanza upya.

Akamwita mkewe. Mama wa watu akapanda na mtoto wake mgongoni, akanyoosha mguu, haufiki.

"Sogeza kiti."

"Kiti hakisogezwi. Hapo ndipo baba alipokiacha."

"Basi, Baba Tumsifu, hapa anatakiwa mwenye miguu ya baba mkwe. Mimi namjua mmoja tu, na wewe unamjua." Akashuka, akaenda zake jikoni akitabasamu.

Mkulima akasimama pale kwa muda, anaigeuzageuza spana mkononi. Kisha akavuka ua. Mdogo wake alikuwa anamkatia ng'ombe majani.

"Nahitaji mguu wako," alisema.

Mdogo mtu akamtazama. "Mguu tu?"

"Mguu tu."

"Haya. Mdomo nauacha hapa."

Akaja, akaketi. Magoti yalikaa sawasawa kama ya baba yao. Kaka alipoona hivyo aliingia uvunguni haraka, asije akaonekana uso.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Akalegeza nati, mafuta yakatoka na mapovu, akakaza. "Achia."

"Nimeachia."

Mnawaona, ndugu zangu? Watu ambao hata salamu walikuwa hawapeani, sasa kila neno la mmoja linajibiwa na mwenzake. Gurudumu baada ya gurudumu. Walipofika la mwisho, mafuta yalitoka safi, bila povu hata moja. Kaka akakaza nati. Lilibaki neno moja tu la kusema.

Hakulisema. Alilala pale kifudifudi, shavu karibu na udongo, na neno lililotoka likawa jingine.

"Siku ile nilisema hukumpenda baba. Haikuwa kweli. Nilikuwa na uchungu, nikautupa kwako. Wewe ndiye uliyekuwa unamwogesha alipokuwa mgonjwa. Nilikuwa naona. Nisamehe."

Juu kimya. Kimya kirefu. Akawaza, ameshashuka, ameondoka zake. Akajiambia, hata mimi ningekuwa yeye ningeondoka. Hakuthubutu kuchungulia.

Kisha ikaja sauti. "Kaka."

"Naam, mdogo wangu."

"Nimekusikia. Yameisha. Lakini mguu wangu unakufa ganzi huku. Hujasema niachie."

Ndugu zangu, yule aliyetukanwa ndiye aliyekuwa ameshikilia. Mguu unamtetemeka, amebana meno, asije yule aliyemtukana akaanza kazi yake upya.

Na sisi je? Tunakaa kimya na watu wetu, tunadhani wameshaondoka. Hawajaondoka. Nani alianua nguo zako mvua ilipokuja, na hamsemeshani? Nani bado anafagia mpaka upande wako wa ua? Nani humpa mwanao uji bila kumuuliza mama yake anaendeleaje, kwa kuwa anaogopa jibu? Hao wako juu, wameshikilia. Sisi tuko uvunguni, tunangoja waanze wao.

Jumapili ile gari liliteremka taratibu, breki zinashika. Mama alikaa mbele, kitambaa kipya kichwani. Aliyeendesha alikuwa mwenye miguu mirefu. Mwenye gari alikaa nyuma, kwenye kiti cha kuku, na hakuna aliyefurahi kumshinda.

Leo sadaka zetu tutatoa, na nyimbo tutaimba. Lakini tukitoka hapa, tusiingie ndani kwanza. Tuvuke ua. Kuna mtu mguu wake umechoka, na hasubiri zawadi wala kikao. Anasubiri tuseme tu: achia, ndugu yangu. Nimekosa. Achia.