Kwa Nini Fundichuma Haachi Kujenga

Zamani hizo ndege huyu hakuwako. Mitoni walikuwako bata na korongo, lakini huyu wa kahawia, mwenye kishungi kilichoelekea kisogoni, ambaye wengine humwita fundichuma na wengine msingwe, alikuwa bado ni mtu. Alikuwa mwanamke, alikuwa na jina, alikuwa na binti, na mikono yake haikuwa na mfano katika nchi yote ya Ilyunda. Ninyi mnaolicheka jumba lake la vijiti huko juu ya mti, kubwa kuliko mwenyewe mara nyingi, chekeni sasa mmalize. Mkishasikia habari zake hamtacheka tena.

Ilyunda ilikuwa bonde lenye chemchemi mbili. Moja ilitoa maji ya chumvi, nyingine maji matamu, na katikati yake palikuwa na ukingo wa udongo mwekundu, mpana kama nyumba tatu zilizopangwa safu. Msitu wa miyombo ulizunguka pande zote, umefika mpaka milangoni. Wanawake walichota maji ya chumvi wakayachemsha katika vyungu vidogo vya kubeba kwapani, hadi yakakauka na kubaki unga mweupe chini. Chumvi ya msimu mmoja ilibadilishwa kwa mtama wa mwaka mzima, na watu walilala usingizi.

Sasa watu hao walikuwa na mambo mawili ambayo majirani hawakuwa nayo. La kwanza, bibi harusi hakuingia kwa mumewe mikono mitupu. Alikuja na chungu cha kuchemshia chumvi, na chungu hicho ilikuwa lazima kizidi cha mama mkwe wake kwa upana wa kidole kimoja. Ulianza kama utani tu. Bibi mmoja, jina lake limekwisha kusahaulika, alimcheka mkwewe kwa chungu kidogo, mkwe akajibu kwa kufinyanga kikubwa zaidi, watu wakapiga vigelegele, na utani ukawa mila. Na kidole kimoja, jamani, ni kitu gani? Haba na haba hujaza kibaba, walisema, wakashangilia.

La pili lilikuwa neno. Kwa watu wa Ilyunda, neno "inatosha" lilikuwa la makaburini. Maiti alipokwisha kufukiwa na tuta la kaburi likainuka, mkuu wa wachimba kaburi aliweka jembe lake chini akasema "inatosha" mara tatu, na watu wakaondoka bila kugeuka nyuma. Kwa hiyo hakuna aliyelitamka nyumbani kwake. Mgeni aliyeshiba alisema, "Mkono umechoka." Aliyemiminiwa unga alinyamaza mpaka kibuyu kifurike, na uliomwagika ukaliwa na kuku. Kumwambia mtu aliye hai "inatosha" kulikuwa ni kumchimbia shimo.

Basi vyungu vikakua, kidole baada ya kidole, harusi baada ya harusi. Vya kubeba kwapani vikawa vya kubeba kichwani, vya kichwani vikawa vya kubebwa na watu wanne kwa miti. Chungu kikubwa hula kuni nyingi, hilo halihitaji kuambiwa, na miyombo ikaanza kurudi nyuma kama watu waliokimbia ugomvi. Chumvi nayo ikawa nyingi hata wenye mtama wakaipuuza, na mfuko uliokuwa ukileta debe la mtama ukaleta kibaba. Wazee wakakaa kikao, wakafikiri sana, wakatoka na jawabu: tupike zaidi.

Mwanamke huyo ninayemsema aliitwa Milembe. Alikuwa mfinyanzi, mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Limi. Mama yake Milembe aliokota kuni kizingitini. Yeye Milembe alitoka jogoo wa kwanza akarudi jua la utosi, na mzigo wake haukuchemsha chungu kimoja. Aliona. Mtu anayeshika udongo kila siku huona mambo, kwa sababu udongo hausemi uongo. Mashimo ya zamani yalikuwa yamebaki mchanga na kokoto, na mchanga haufinyangiki. Lakini aliona akanyamaza, maana kulikuwa na neno gani la kusema?

Mwaka ule Limi akachumbiwa na kijana wa mama mmoja aitwaye Nkwimba. Milembe alifurahi, kisha moyo wake ukaingia baridi. Chungu cha Nkwimba kilijulikana mpaka nchi za mbali. Watu wawili waliweza kuketi ndani yake wakacheza bao. Chenyewe kilikuwa na jina, kiliitwa Nani Kama Mimi.

Milembe akachukua jembe akatafuta udongo siku sita. Alichimba penye vichaka, alichimba penye mapito ya ng'ombe, akarudi na kikapu kilekile kitupu. Siku ya saba akasimama juu ya ukingo wa katikati ya chemchemi mbili. Haukuwa tena mpana kama nyumba tatu. Bibi baada ya bibi walikuwa wameumega pole pole, na sasa mtu aliweza kuuvuka kwa hatua nne. Akauchoma kwa mpini wa jembe. Mpini ukatoka umelowa. Akauonja ncha, akahisi utamu wa maji na chumvi kwa mbali, kama machozi yaliyodondokea uji. Akaketi palepale.

Akaenda kwa Nkwimba, akamkuta anapepeta.

"Mkwe wangu," alisema, "udongo umechoka. Nakuomba Limi aje na chungu kilicho sawa na chako. Hata kikiwa kidogo kwa kidole, watoto watakula."

Nkwimba akaweka ungo chini. Hakuwa mtu mbaya, na msimfanye mbaya kwa kuwa hadithi inapenda mtu wa kulaumiwa. Aliogopa tu, kama walivyoogopa wote.

"Mama Limi, mimi nilizidisha," alijibu. "Mama mkwe wangu alizidisha. Nikipokea kilicho sawa, watu watasema nyumba yangu imesimama, haikui tena, na nyumba iliyosimama huliwa na mchwa. Ukingoni kuna udongo. Bibi zetu walichimba pale na mbingu haikuanguka."

"Umebaki hatua nne, mkwe."

"Basi chukua moja. Zitabaki tatu."

Milembe akatoka hapo akaenda kwa Mzee Lubango, mkuu wa wachimba kaburi, kwa kuwa neno lilikuwa lake. Alimpigia magoti. Alimwomba aje kwenye ukingo mchana kweupe, mbele ya watu wote, aweke jembe chini, aliseme lile neno mara tatu, watu waondoke bila kugeuka nyuma. Mzee alimtazama kwa huruma, na huruma yake haikumsaidia kitu.

"Binti yangu, neno lile huja baada ya kaburi," alisema. "Nikilitoa bila kaburi, litaenda kutafuta la kwake. Nimlete nani? Nimlete Limi?"

Milembe akaziba mdomo wake kwa kiganja.

Alikuwa amebakiwa na mlango mmoja, nao ni Limi mwenyewe. Walikuwa wakichambua mboga. Mama alimweleza yote, mpini uliolowa na hatua nne, akamwuliza kama angekubali kuolewa na chungu kidogo. Limi alilia, na alipokwisha kulia alisema maneno ambayo mama yake anayabeba mpaka leo.

"Mama, wote walizidisha. Wewe ulizidisha, na bibi alizidisha. Kwa nini mimi ndiye niwe wa kwanza kupungua? Kidole kimoja tu, mama. Baada yangu waache wanaotaka kuacha."

Mzazi gani angekataa? Semeni, mko wengi hapa. Milembe alikuwa anajua, tena alijua kuliko wote, na bado kesho yake alikuwa ukingoni na jembe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huyu sisi tumwambie, kwa maana alijidunga kwa ajili ya mtoto. Alichimba huku akijiambia kikapu hiki ndicho cha mwisho, halafu kingine kikawa cha mwisho, halafu kingine. Alifinyanga siku ishirini. Ili kukichoma wakakata miti iliyosalia Ilyunda, ile mikuyu minne iliyoipa kivuli chemchemi ya maji matamu. Chungu kikatoka kizima katika shimo la kuchomea, chekundu, kinalia kama kengele ukikigonga. Nkwimba akapima mwenyewe kwa kamba mbele ya watu. Kilizidi kwa kidole. Limi akakipa jina Kidole Tu, watu wakacheka, na vigelegele vikapasua bonde.

Siku ya harusi, ngoma zikiwa zimechanganya, mama mmoja wa jikoni alionja ugali akamfokea mwenzake kwa kuzidisha chumvi. Mwenzake akaapa hakutia. Wakaonja maji ya mtungi. Wakaenda kuonja chemchemi. Ngoma zikanyamaza moja moja, na kila mtu alikwenda kusimama pale akaona kwa macho yake: ukingo ulikuwa umelainika katikati kama mkate uliochovywa kwenye chai, na kwa kuwa mizizi ya mikuyu haikuwapo tena ya kuushika, ulikuwa unamong'onyoka. Jua halijapinduka, chemchemi mbili zikawa moja.

Walijaribu. Wachimba kaburi walichimba visima kumi, vyote vikatoa chumvi. Waliosema tulizidisha mno hawakusikilizwa, waliosema hatukuzidisha vya kutosha walisikilizwa, na kwa siku mbili nzima walichemsha maji katika Kidole Tu kwa kuni za kuta za nyumba zao, wakitumaini chini patabaki kitu kingine. Palibaki chumvi. Kilikuwa chungu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kufinyangwa, kimejaa chumvi mpaka mdomoni, na ng'ombe walikuwa wamelala wanatoa ulimi.

Watu wakaanza kuhama, kila ukoo na njia yake. Limi hakuweza. Bibi harusi hunywa kutoka chungu chake mwenyewe siku ya kwanza, ndiyo mila, naye alikunywa maji yale ya chumvi mbele ya wakwe, na kiu ilipomzidi akanywa tena. Akaharibika tumbo, midomo ikapasuka. Mama yake alimpa umande aliokusanya kwa kitambaa kwenye majani machache yaliyobaki, tone baada ya tone, na umande haukufika popote. Siku ya tatu, asubuhi, Limi akafa. Alikuwa ameolewa siku tatu.

Ardhi ilikuwa ngumu, nao hawakuwa na nguvu. Wakamzika katika lile shimo kilimochomewa chungu chake, kwa kuwa lilikuwa tayari. Mzee Lubango akafukia, tuta likainuka, akaweka jembe chini. Neno lilikuwa limepata kaburi.

"Inatosha," alisema.

Milembe akatia udongo.

"Inatosha."

Milembe akatia udongo.

"Inatosha, binti yangu. Inatosha."

Watu wakaondoka bila kugeuka nyuma, kama ilivyo ada, ndiyo maana hakuna aliyeona vizuri. Waliosikia walisema mikono yake haikusimama. Alitia udongo mpaka ukaisha. Akaleta vijiti, mabaki ya msitu, akavipanga juu. Akachota tope pale maji yalipokutana, akapaka ndani kama apakavyo mfinyanzi. Akaacha tundu dogo ubavuni, maana mama hawezi kuziba kabisa. Alivyozidi kuongeza ndivyo alivyozidi kuwa mwepesi. Mikono ikaota manyoya rangi ya chungu kilichochomwa, na ngata aliyobebea kuni na udongo ikamgandia kichwani, ikalalia kisogo. Ndicho kishungi mnachokiona.

Na tangu siku hiyo fundichuma hujenga kiota kikubwa kuliko haja yake, na akimaliza haachi, huleta kijiti kingine, na kingine. Tangu siku hiyo hukaa peke yake kando ya maji, kichwa ameinamisha, anayachunguza kama yangali matamu. Na tangu siku hiyo watu hawabomoi nyumba yake, kwani nani hufukua kaburi?

Mtauliza, je, watu wa Ilyunda walijifunza? Walifika hapa tulipo, wakapata maji na miti. Harusi ya kwanza, kwa aibu ya yaliyopita, bibi harusi aliletwa na chungu cha kubeba kwapani. Harusi ya pili, chungu kikazidi kidogo. Ndio babu zetu hao. Sisi ndio wao. Angalieni wenyewe, hapa mlipo hakuna mtu aliyewahi kuniambia unga unatosha.

Chungu cha harusi ya Jumamosi kimeshatoka shimoni. Tumekipima jana kwa kamba, kimezidi cha mama mkwe kwa kidole kimoja, na tukapiga vigelegele. Fundichuma alikuwa juu ya mkuyu wa chemchemi anatutazama, ana tope mdomoni. Mkuyu huo ndio utakaokatwa kwa kuni za karamu.