Kisahani Kilichorudi Kitupu

Kina mama, nimemwomba mwenyekiti nisimame wa kwanza kwa sababu nitatoka mapema, na mtoto wangu nimemkabidhi Mama Ikupa pale nyuma, akilia mwacheni alie kidogo, atanyamaza mwenyewe. Sijazoea kusimama mbele. Nitasema haraka haraka, maana nikienda polepole nitaogopa na kukaa. Nimeleta mfano mmoja tu.

Kulikuwa na mzee mmoja, mjane, ambaye miaka thelathini alifanya kazi kwenye dirisha la dawa la zahanati ya misheni. Nyinyi mnalijua dirisha la dawa. Unapeleka cheti, unasubiri, unaitwa jina, unapewa bahasha ndogo ya karatasi imeandikwa moja asubuhi, moja jioni. Mzee huyu hakuwahi kumpa mtu kidonge kisicho na jina. Hata mkewe alipoumwa kichwa alimwandikia bahasha.

Akastaafu, akazeeka, akaanza kusahau. Kwanza miwani, hilo kila mtu anasahau. Halafu akasahau kama amekula. Halafu siku moja akaenda kuchunga mbuzi, mbuzi wakarudi, yeye hakurudi, wakamkuta amekaa kwenye ngazi za zahanati anasubiri mtu amfungulie.

Mwanawe anafanya kazi mbali, mgodini. Akaomba ruhusa, akampeleka baba hospitali ya mkoa. Daktari akampima, akamuuliza leo siku gani, akamwambia achore saa, mzee akachora duara akaishia hapo. Daktari akaandika vidonge. Akamwambia yule kijana, "Sikiliza vizuri. Hivi havimrudishii alichokwisha kupoteza. Vinaweza kupunguza mwendo tu, abaki na alichonacho kwa muda. Kimoja kila siku, na mtu amuone akimeza."

Kijana akaitika. Akanunua dawa, akampa mkewe boksi, akamwambia, "Kimoja kila asubuhi," akapanda basi akarudi kazini. Lile neno la mwisho la daktari lilibaki palepale hospitali.

Sasa nyumbani amebaki nani? Mzee, mkamwana wake, na mtoto wa kike wa mkamwana, mwaka mmoja na miezi minane, anayetembea na kuokota kila kitu. Na nyumba hiyo ilishika desturi ambayo wengi wetu tumeolewa nayo: mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, haingii chumbani kwake, hampi kitu mkononi. Shangazi wa mume, yaani dada wa huyo mzee, alimfundisha hivyo tangu wiki ya harusi. Chakula unaweka kwenye kigoda mlangoni, unapiga makofi mawili, unaondoka. Ni heshima. Sijasimama hapa kuitukana, mimi nimelelewa nayo.

Basi mkamwana akafanya hivyohivyo na dawa. Kila asubuhi saa tatu kikombe cha uji, kisahani, kidonge juu ya kisahani. Makofi mawili. Anaondoka. Akirudi, kikombe kitupu, kisahani kitupu. Anashukuru Mungu. Miezi mitatu hajaruka hata siku moja, hata siku mtoto ana homa, hata siku ya mvua kubwa. Mngemwona mngesema, huyu ndiye mkamwana.

Lakini mzee anazidi kupotea. Vifungo vya shati vimemshinda. Anamwita mjukuu wake jina la dada yake mwingine, aliyefariki zamani. Mume akipiga simu anaambiwa, naye anasema, "Basi dawa ni dhaifu. Nikija likizo nitamwomba daktari aongeze nguvu." Na majirani nao, mnajua majirani: dawa za hospitali haziwezi uzee, mnamchosha mzee wa watu bure.

Nawauliza, kina mama. Kisahani kinarudi kitupu kila siku. Ungekuwa wewe, ungejua kuna kitu hakiko sawa?

Ikafika asubuhi moja. Ameweka uji, ameweka kidonge, makofi mawili, amekwenda kuanua nguo. Kamba iko nyuma ya nyumba, si mbali, ni kama kutoka hapa hadi pale kwenye kinanda. Anarudi anakuta mtoto amekaa chini, kando ya kigoda, anatokwa mate mengi, ametapika uji juu ya gauni, na macho yake yanalegea. Kisahani kiko chini. Kidonge hakipo.

Hapo ndipo akili inapokimbia. Kidonge kimemezwa na mzee, kama kila siku, na mtoto anaumwa kitu kingine? Au kimemezwa na mtoto? Yule anayeweza kujibu yuko nyuma ya mlango ambao mkamwana hajawahi kuuvuka tangu aolewe. Akaita kwa nje, "Baba! Umemeza dawa?" Kimya. Akaita tena. Kimya. Na mtoto anazidi kuwa mzito mkononi.

Akaingia.

Mzee alikuwa amekaa mbele ya dirisha la chumba chake, amelifungua, na mbele yake kuna bati la biskuti. Akamtazama mkamwana usoni, na mkamwana akamtazama usoni, mara ya kwanza.

"Mama, cheti chako kiko wapi?" mzee akauliza.

"Baba, kidonge cha leo! Umekimeza?"

"Cha leo hakijafika. Nimefungua dirisha tangu asubuhi, hakijafika." Kisha akamwona mtoto. Akasimama. Sauti ikabadilika, ikawa ya mtu aliye kazini. "Kameza dawa huyo. Usimpe maziwa, usimpe maji ya chumvi, usimtapishe kwa nguvu. Mgeuze ubavu mate yatoke. Chukua na boksi la dawa, wataliuliza. Usilie, mama, kulia hakumsaidii. Na foleni usipange, pita mbele moja kwa moja, waambie mimi nimekutuma."

Mtu asiyejua leo ni siku gani!

Akakimbia. Hakupanga foleni. Zahanati wakaita gari, wakampeleka hospitali, wakamlaza mtoto siku mbili wakipima mapigo ya moyo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kupunguza mapigo, na kwa mwili mdogo hivyo si mchezo. Mtoto akapona. Nashukuru kusema hivyo, maana ingeweza kuwa mfano mwingine kabisa.

Nesi wa wodini akamuuliza, "Huyo mzee nani anampa dawa?"

"Mimi. Namwekea kila siku."

"Sijauliza nani anamwekea. Nani anamuona akimeza?"

Kina mama, ukimkosea mtu kwa uvivu unajua pa kuomba msamaha. Ukimkosea kwa bidii, kila siku saa tatu kamili, unaanzia wapi?

Aliporudi nyumbani akalifungua lile bati. Limejaa bahasha. Mzee alikuwa anachana kurasa za kalenda ya zamani, anakunja vizuri vilevile kama enzi za zahanati, kila bahasha na kidonge kimoja ndani. Juu ameandika kwa mwandiko mzuri. Jina: ameacha wazi. Matumizi: 1 asubuhi. Na chini, kwenye kila moja, maneno mawili: Mwenyewe hajaja.

Kila asubuhi alikuta kidonge kisicho na jina, akakitunza kwa uaminifu, akamsubiri mgonjwa. Hakuwepo mtu wa kumwambia, baba, mgonjwa ni wewe.

Shangazi aliposikia kwamba mkamwana ameingia chumbani akaja juu. "Mke wa mtoto anaingia chumbani kwa mkwe! Mmeishiwa aibu nyumba hii?"

"Shangazi, basi uwe unakuja wewe kila asubuhi."

"Mimi?" shangazi akasema. "Mimi nina ng'ombe."

Mnacheka. Cheka tu, Mama Mchungaji, mimi mwenyewe nimecheka baadaye. Lakini nani hapa hana ng'ombe? Mwingine ng'ombe wake ni duka, mwingine ni kazi ya mgodini, mwingine ni heshima yenyewe. Sisi tunajua kuweka. Tunaweka chakula mlangoni kwa mgonjwa, tunatuma kwa simu, tunasema tunakuombea, tunapiga makofi mawili na kuondoka, na kisahani kikirudi kitupu tunahesabu kwamba tumependa. Hatujui nani alikula. Kisha mtu akizidi kuumia tunasema dawa ni dhaifu, ibada ni dhaifu, aongezewe nguvu. Dawa ilikuwa haijamgusa hata ulimi!

Na dawa ya kusahau ni ngumu kuliko nyingine zote, kwa sababu anayeihitaji ndiye asiyeweza kuikumbuka. Lazima mtu mwingine akumbuke kwa niaba yake. Amri ya kuwaheshimu wazazi tunaijua wote hapa, watoto wanaiimba. Mimi nawauliza tu, heshima gani hiyo inayoogopa kuona mzee akimeza?

Sitawadanganya kwamba mzee amepona. Daktari alimwanzishia upya, polepole. Siku hizi boksi linakaa ndani ya kabati lenye kufuli, na kila asubuhi mkamwana anaingia, anakaa mbele yake, anampa mkononi bahasha yenye jina lake kamili. Mzee anasoma. Anauliza, "Huyu ndiye mimi?" Anajibiwa, "Ndiye wewe, baba." Anameza, anafungua mdomo aonekane, kama alivyokuwa akiwaambia wagonjwa wake. Kisha anauliza, "Na wewe ni nani, binti?" Kila siku anauliza. Kila siku anaambiwa. Vifungo vya shati bado vinamshinda, ila njia ya chooni anaijua, na mjukuu akimletea mpira anaurudisha.

Basi, wewe uliyekaa hapa, kuna bahasha yako mahali fulani. Kuna mtu ulimwekea ukaondoka, na juu ya bahasha imeandikwa mwenyewe hajaja, na aliyechelewa si yeye. Ni wewe. Ni mimi. Leo ukitoka hapa usitume kitu. Nenda, ingia, kaa, mwone akimeza.

Nimemaliza. Mama Ikupa, naomba mtoto wangu. Saa tatu inakaribia, na mwenyewe ameshafungua dirisha.